Maswali Yenu: Bakuli Lililopinda na Mabwana wa Vita wa Japani

Toleo lililopita niliandika mistari michache juu ya Hyouge Mono, katuni ya Kijapani ya sehemu 39 iliyorushwa na NHK, shirika la utangazaji la Japani, kati ya 2011 na 2012. Nilisema kwamba kwa mtu aliyefundisha ufinyanzi miaka mingi kama mimi, hakuna tamthilia ya vita iliyonigusa kuliko hiyo. Barua zimemiminika. Kwa ambao hawajaiona: inamfuata Furuta Sasuke, askari wa cheo cha chini wa bwana wa vita Oda Nobunaga katika karne ya 16. Moyo wake umegawanyika vipande viwili: kimoja kinataka kupanda cheo vitani, kingine kinataka vyombo vizuri vya chai, na kila kipande kinamharibia mwenzake kazi.

*

*Mwalimu, shikamoo. Nimetazama sehemu ya kwanza tu, nimebaki mdomo wazi. Mzee Matsunaga Hisahide amezingirwa ngomeni, anaambiwa atoe birika lake la chuma asamehewe, naye anaona heri alipuke nalo. Hii ni historia au ni utani wa mchoraji? Na hata kama ni utani, mtu mzima anafiaje birika?*
— Mhasibu, Tanga

Marahaba. Kuzingirwa ni historia. Hisahide alimwasi Nobunaga, akajifungia katika ngome ya Shigisan, akafa humo ikiteketea mwaka 1577. Siku aliyokufa iliangukia tarehe ileile ambayo, miaka 10 kabla, ukumbi wa Buddha Mkubwa wa Todai-ji mjini Nara uliungua katika vita alivyopigana yeye, na watu waliona mkono wa mbinguni hapo. Birika nalo lilikuwapo. Liliitwa Hiragumo, kwa kuwa lilikuwa bapa kama buibui aliyejibana chini, na Nobunaga alilitaka sana. Kwamba mzee alilivunja ili lisiingie mikononi mwa adui ni masimulizi ya zamani. Baruti imo katika vitabu vilivyoandikwa baadaye, na mchoraji ameipokea kwa mikono miwili.

Sasa, mtu mzima anafiaje birika? Rudi nyuma mpaka 1568. Nobunaga anaingia Kyoto na jeshi lake, na kila bwana wa jirani anatafuta namna ya kusalimika. Hisahide huyuhuyu anampelekea kijikopo cha kuwekea unga wa chai kiitwacho Tsukumo Nasu, chenye umbo la biringanya, kinachoenea kwenye kiganja. Kijikopo kile kilitoka China. Nobunaga anakipokea, na Hisahide anaachiwa mkoa wake wa Yamato. Hebu kaa na jambo hilo kidogo: kiganja kimoja cha udongo wa kuchoma kilisaidia kuokoa mkoa mzima.

Nobunaga alilielewa somo hilo haraka kuliko mtu yeyote. Kuanzia 1569 aliwatuma watu wake Kyoto, halafu Sakai, mji wa matajiri wa biashara, wakakusanya vyombo mashuhuri. Hakuwapora wenyewe; aliwalipa dhahabu, fedha na mchele, ingawa nani angethubutu kumwambia hauzi? Kisha akaanza kuvigawa kama tuzo. Hata ruhusa ya kuandaa hafla rasmi ya chai ikawa zawadi ya kuitolea jasho vitani. Toyotomi Hideyoshi, aliyekuja kuitawala Japani yote, aliandika barua mwaka 1582, bwana wake akiwa ameshakufa, akiikumbuka kwa shukrani kubwa siku aliyopewa ruhusa hiyo.

Tazama hesabu iliyo chini yake, wewe mhasibu utaiona upesi. Ardhi ni ile ile, na ukiwagawia majemadari itakwisha. Lakini bakuli ambalo kila mtu amekubali kwamba ni la ajabu, thamani yake inaumbwa na neno la mkubwa. Takigawa Kazumasu alipomaliza kazi ya kuuangusha ukoo wa Takeda mwaka 1582, alitumaini kupewa kijikopo kimoja cha chai. Akapewa mkoa wa Kozuke na wilaya mbili za Shinano. Aliandika barua ya kusikitika, kwamba ametupwa nchi ya mbali na bahati yake ya chai imekwisha. Mtu amepewa nchi, analilia kopo!

Na yuko aliyefanya kibaya zaidi. Araki Murashige aliasi mwaka 1578, na mambo yalipomwelemea aliiponyoka ngome yake akiokoa vyombo vyake vya chai. Mke na jamaa aliowaacha nyuma waliuawa. Yeye akaishi, akarudi kuwa mtu wa chai, akajipa jina lenye maana ya kinyesi cha njiani. Nikifika kwenye habari ya Murashige huwa sicheki tena, na naamini waliotunga tamthilia hii walitaka tuache kucheka hapo.

Neno moja kwa wasomaji wa pwani: Japani nzima ya wakati ule ilivitukuza vyombo vya China, na katika hivyo vilikuwamo vya kijani mpauko vya Longquan. Vipande vya bakuli za Longquan vimechimbuliwa Gedi na Kilwa. Tanuri ni zile zile, meli tu ndizo zilizoelekea pande tofauti.

*

*Hujambo Mwalimu. Nasomea uchoraji wa katuni hapa Nairobi. Mwenzangu aliniletea Hyouge Mono, nami nikaudhika. Nyuso zinavutwa kama mpira, macho yanatoka, shujaa anatokwa na udenda mbele ya sufuria. Watu hawa walikufa kweli. Je, si kuwadhihaki?*
— Mwanafunzi, Nairobi

Sijambo, mwanangu. Fanya jaribio moja: simamisha picha pale Sasuke anapokutana na chombo anachokitamani. Utaona uso umevurugika, nyusi zimepanda, mdomo umeenda upande. Halafu tazama chombo chenyewe katika picha hiyohiyo. Hakikuvutwa hata kidogo. Ukingo, kitako, mwanga unavyolala begani, pale rangi ilipotiririka ikagota katikati ya ubavu, vyote vimechorwa kwa adabu ya mtu anayechora uso wa mama yake. Binadamu ndiye anayechekesha, chombo kimetulia. Uamuzi huo wa kisanaa umebeba hoja nzima ya tamthilia.

Dhihaka hapa haiwagongi waliokufa. Inagonga sura ya shujaa tuliyozoeshwa, samurai asiyetamani kitu, asiyeona wivu, anayekwenda kufa na uso mkavu. Sasuke anahusudu, ananyemelea, anajipendekeza, anatunga tanakali za sauti za kwake mwenyewe kueleza jinsi kitu kilivyoumbika, na ndani ya fujo hiyo anajifunza kuona. Mimi nimefundisha wanafunzi wengi kushika udongo. Waliofika mbali hawakuwa watulivu. Walikuwa wale waliokuwa wakiiba kwa macho kila chombo kilichopita mbele yao.

Tamthilia imetokana na kitabu cha picha cha Yamada Yoshihiro kilichotoka kwa mfululizo katika jarida la Morning kuanzia 2005 hadi 2017, na mwaka 2010 kikapata tuzo kuu ya utamaduni ya Tezuka Osamu. Katuni ilitengenezwa na studio ya Bee Train. Kama unataka kujifunza kazi, soma kitabu na utazame katuni sambamba, uone wamebakiza nini na wamekifanya kitembee vipi.

Historia imepindishwa, ndiyo, na pahali pakubwa kabisa ni kifo cha Nobunaga. Kila kitabu cha historia kinasema aliyemgeuka alfajiri ile ya Juni 1582, katika hekalu la Honno-ji mjini Kyoto, ni jemadari wake Akechi Mitsuhide. Katuni inamweka Hideyoshi mwenyewe chumbani na upanga, na nyuma yake njama ya Sen no Rikyu, bingwa wa chai. (Ambaye hajafika hapo anisamehe.) Mimi sioni kosa, maana swali linalosukumwa na uongo huo ni la haki: mtu anayeshika hukumu ya kipi kizuri na kipi kibaya anaweza kufika wapi akitaka kuibadilisha nchi ifanane na macho yake?

*

*Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi na mwenzangu tunakaa chumba kimoja hapa Muscat na tumegombana vibaya. Mimi niko na Hideyoshi: mtoto wa watu wa chini amepanda hadi juu, chumba chake cha dhahabu ni haki yake. Mwenzangu yuko na Rikyu na bakuli lake jeusi. Tuamulie.*
— Dereva, Muscat

Waaleikum salaam. Niko na mwenzako, lakini usikate tamaa, nitakutetea njiani.

Chumba cha dhahabu ni kweli. Kilikuwa na ukubwa wa mikeka mitatu tu, kuta na dari vikiwa vya dhahabu, vyombo pia, na kiliweza kufunguliwa na kubebwa. Mwaka 1586 kilipelekwa mpaka kasri ya Kyoto, Hideyoshi akamwandalia chai Mfalme Ogimachi. Hebu mfikirie mtu wa asili ya chini akimpa kikombe mtu anayehesabiwa kuwa wa ukoo wa mbinguni. Sitamcheka kwa dhahabu yake. Na mwaka uliofuata alifanya jambo ninalolipenda zaidi: aliita karamu kubwa ya chai katika viwanja vya hekalu la Kitano, akatangaza kwamba yeyote aje, awe mtumishi, mchuuzi au mkulima, na birika moja, ndoo moja, bakuli moja; asiye na chai alete unga wa nafaka ya kukaanga. Vibanda zaidi ya 800 vilijengwa. Rikyu na Hideyoshi wenyewe walikuwa miongoni mwa waliohudumia wageni. Ilitangazwa kuwa ya siku 10, ikaishia siku moja.

Sasa nenda Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka. Chumba cha Tai-an, kinachohusishwa na Rikyu, bado kimesimama huko, ni hazina ya taifa. Mikeka miwili. Kuta za udongo zenye vipande vya majani makavu vinavyoonekana. Mlango ni tundu unaloingia kwa kutambaa, uwe jemadari uwe muuza samaki, na upanga umeuacha nje. Humo unapewa bakuli la Chojiro. Mfinyanzi huyu hakutumia gurudumu. Alilikunja kwa viganja, akalichonga kwa kisu, akalitoa tanurini kwa koleo likiwa bado jekundu kwa moto, nalo likapoa jeusi. Ukilishika linajaa mikononi kana kwamba lilipimwa kwako. Chai ya kijani ikikaa ndani ya weusi ule huoni kitu kingine chochote. Ufundi wa namna hiyo ni wa kuondoa, na kuondoa ni kugumu kuliko kuongeza. Kila anayefinyanga anajua.

Hideyoshi hakulipenda bakuli jeusi. Mfanyabiashara Kamiya Sotan wa Hakata aliliandika hilo katika shajara yake mwaka 1590. Na hapo ndipo penye ugomvi wenu wa kweli. Hideyoshi alikuwa na nchi nzima, lakini mabwana wakubwa walikwenda kwa mtoto wa mfanyabiashara wa Sakai kuuliza kipi ni kizuri. Amri haikuweza kumnyang'anya hilo. Februari ya kalenda yao, mwaka 1591, Rikyu alifukuzwa Kyoto, akarudishwa, akaamriwa ajiue. Mashtaka yaliyotajwa yalikuwa sanamu yake ya mbao iliyowekwa juu ya lango la hekalu la Daitoku-ji, na bei alizouzia vyombo. Alikuwa na miaka 70 kwa hesabu yao.

Siku alipopandishwa mashua huko Yodo kwenda Sakai, wanafunzi wake wengi walijificha, na ni nani atakayewalaumu? Wawili walijitokeza gatini: Hosokawa Tadaoki na Furuta, Sasuke wetu. Barua ya Rikyu ya kueleza alivyoshtuka kuwaona ipo hadi leo. Kijiko cha chai cha mwanzi alichokichonga siku za mwisho kilimwendea Furuta, akakitengenezea ala yenye dirisha ili akione kila siku. Kinaitwa Machozi, kiko katika makumbusho ya Tokugawa mjini Nagoya.

Kwa hiyo mwambie mwenzako ameshinda, ila aongeze jambo moja: Rikyu wa katuni si mtakatifu. Ana tamaa kubwa kuliko ya Hideyoshi, kwa sababu hataki dhahabu ya watu, anataka macho yao.

*

*Mwalimu, ni kweli Nobunaga alikuwa na Mwafrika? Vijana hapa Mombasa wanasema alikuwa Mswahili.*
— Muuza vitabu, Mombasa

Kuwa naye ni kweli. Alifika Japani mwaka 1579 pamoja na Alessandro Valignano, mkaguzi wa wamisionari Wajesuiti. Mwaka 1581 aliingia Kyoto, umati ukasukumana kumwona mpaka watu wakaumia. Nobunaga aliagiza asuguliwe mwili, akidhani amepakwa rangi. Alipoamini, akampenda, akamchukua. Walimwita Yasuke. Shajara ya Matsudaira Ietada inampa urefu wa karibu sentimita 188. Alipewa posho, na chanzo kimoja kinaongeza nyumba na upanga mfupi. Usiku wa Honno-ji alikuwapo. Akaenda kupigana upande wa mtoto wa Nobunaga mpaka akatoa upanga wake kwa askari wa Akechi, naye Akechi akaamuru asiuawe, apelekwe kanisani kwa wamisionari.

Kuhusu Uswahili, waambie vijana wapunguze mwendo. Mwandishi Mjesuiti, François Solier, aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji. Meli za Wareno zilipita huko, kwa hiyo si ajabu, lakini Msumbiji ya Wareno ilikuwa na watu wa makabila na lugha nyingi. Jina alilozaliwa nalo halikuandikwa popote. Inaniuma kwamba walimpima urefu, hawakumuuliza jina.

*

*Mwalimu, naweza kuwawekea watoto wangu wa miaka 8 na 10?*
— Mama, Bujumbura

Hapana, mama. Jarida lililotoa kitabu chake ni la watu wazima. Kuna damu, kuna kujipasua tumbo, kuna mizaha ya chumbani. Subiri wafike sekondari, na mtazame pamoja.

*

*Mwalimu, nafinyanga vyungu na vyombo vya mezani. Umeandika kwamba Sasuke ndiye aliyekuja kuleta vyombo vya kijani vilivyopinda. Nimeviona picha, nimevipenda mno. Naweza kuvifanya hapa kwetu?*
— Mfinyanzi, Kisumu

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Sasuke alipewa cheo cha Oribe mwaka 1585, na kwa jina hilo dunia inamjua: Furuta Oribe. Baada ya Rikyu kufa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa chai, hadi kumfundisha shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Hidetada. Mwalimu wake alitafuta ukimya, yeye akatafuta kicheko. Sotan, yuleyule wa shajara, alialikwa kwake mwaka 1599 akaandika kwamba bakuli lilipinda na lilikuwa la kuchekesha, na maneno hayo ndiyo yaliyoipa tamthilia jina lake. Vyombo vilichomwa Mino, mkoa aliotoka, katika eneo ambalo leo ni Gifu. Mwaka 1615, baada ya Osaka, ngome ya ukoo wa Hideyoshi, kuanguka, watawala wa Tokugawa walimshtaki kwa kula njama na adui, wakamwamuru ajiue. Inasemekana hakujitetea hata kwa neno moja. Miaka 24 baada ya Rikyu, mtu wa pili aliyeiambia Japani kipi ni kizuri akafa kifo kilekile. Katuni haifiki huko. Inaishia kwa Rikyu.

Sasa kazi. Kijani kile ni shaba. Unachanganya oksidi ya shaba kidogo, asilimia chache tu, katika glezi (ule utando wa kioo unaofunika chombo) inayopitisha mwanga, na tanuri lazima lipate hewa ya kutosha. Moto ukikosa hewa, shaba hiyohiyo itakutolea wekundu. Wao walimwaga kijani upande mmoja tu, upande mwingine wakauacha mweupe na kuchora kwa rangi ya chuma: majani, miraba, magurudumu, chochote kilichowajia.

Tatizo lako litakuwa joto. Uchomaji wa wazi wa kuni na nyasi haufiki nyuzi 1,000, na glezi ya aina hii inataka kama 1,200. Mino walijenga tanuri refu la vyumba vinavyopanda mlima, kila chumba kikipokea moto wa kilichotangulia. Wewe tafuta chuo au karakana yenye tanuri la gesi na uombe nafasi. Udongo wako wa vyungu huenda ukalegea katika joto hilo, kwa hiyo choma kwanza vipande vidogo peke yake, bila glezi, uone kama vinasimama.

Kupinda kuna siri yake. Usianze na bakuli bovu. Lizungushe liwe duara safi kabisa, kuta za unene mmoja, halafu likiwa bado bichi lisukume kwa kiganja mara moja tu, ukiwa umeamua. Ukisukuma mara ya pili kurekebisha, litaonekana lilianguka. Acha kitako kikae sawa mezani, ukingo ndio upinde.

Na tahadhari: glezi yenye shaba nyingi au isiyoiva vizuri huachia shaba kwenye vitu vichachu. Weka kijani nje na pembeni, ndani pale panapokaa chakula tumia glezi isiyo na shaba, na usiuze chombo cha achari au maji ya ndimu kabla hakijapimwa.

Ukishachoma, nitumie picha, na ya vilivyovunjika pia. Nataka kuona ndani ya udongo uliopasuka, maana hapo ndipo nitakapokuambia kama umeiva.